Homoni inayokula mfupa ndiyo hiyo hiyo inayoujenga

Kwenye kipindi cha wazee wetu na hospitali za huku, nilitaja kwa sekunde 20 hivi kwamba Bibi yangu anachoma sindano ya homoni ambayo kazi yake mwilini ni kutoa kalsiamu kwenye mifupa, na kwamba sindano hiyo hiyo ndiyo inayomjengea mifupa. Kisha tukahamia mada nyingine. Tangu siku ile mnaniuliza, inawezekanaje? Jibu lake lina hesabu ndani. Msikimbie, nitaenda taratibu.

Bibi ni wa Tanga, na tunaishi naye hapa Leicester. Mwaka jana aliinua sufuria ya wali, akasikia mgongo umelia. Picha zikaonyesha pingili mbili za uti wa mgongo zimebonyea. Daktari akasema ni osteoporosisi, yaani mfupa umepungua na ndani umekuwa na matundu makubwa kuliko kawaida, kiasi kwamba mzigo mdogo tu unauvunja. Akaandikiwa teriparatidi. Ni sindano ndogo inayofanana na kalamu, kama ile ya watu wa kisukari: mikrogramu 20 kila siku, kwa muda usiozidi miezi 24. Kalamu moja inakaa kwenye friji na inatosha siku 28.

Wiki ya pili shangazi kapiga simu kutoka Tanga. Jirani yake alikuwa amefanyiwa upasuaji wa shingo, kwa sababu tezi zake zilikuwa zinamwaga homoni nyingi mpaka mifupa ikaliwa. Homoni gani? Ile ile. Bibi akaifunga kalamu kwenye kitambaa, akairudisha kwenye friji, akaniita.

"Mjukuu wangu, wewe si ndiye unayesoma mahesabu? Hebu niambie, kwa nini nijichome kitu kinachokula mifupa?"

Mama akasema tumwachie daktari aeleze. Bibi akajibu kwamba daktari alishaeleza, kwa dakika nne, kwa Kiingereza.

Sasa, shangazi alikuwa sahihi, na hilo ndilo linalofanya jambo hili liwe zito. Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, tuna tezi nne ndogo zenye ukubwa wa punje ya mchele. Zinaitwa parathiroidi, na homoni yake inaandikwa kwa kifupi PTH. Mwili wa mtu mzima una kalsiamu kama kilo 1, na asilimia 99 yake imehifadhiwa kwenye mifupa na meno. Hiyo asilimia 1 iliyobaki ndiyo inayofanya moyo upige, misuli ikaze na neva zipelekeane habari. Kwa hiyo mwili hauvumilii kalsiamu ya damu ishuke. Ikishuka kidogo tu, tezi zinatoa PTH, na PTH inafungua ghala. Tezi ikiharibika na kuimwaga homoni mchana na usiku, ghala linaendelea kuchotwa. Yule jirani wa Tanga hakuwa hadithi ya mtaani. Huo ni ugonjwa unaojulikana kabisa.

Lakini mwaka 1932 Hans Selye alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba dondoo ya tezi hizo hizo, akipewa panya, inaweza kuchochea mfupa mpya. Miongo mingi ikapita kabla watu hawajaitumia habari hiyo kwa wagonjwa. Mwaka 2001 yakatoka matokeo ya jaribio la wanawake 1,637 waliokwisha koma hedhi na waliokwisha vunjika pingili. Waliochoma mikrogramu 20 kila siku walipata mivunjiko mipya ya pingili pungufu kwa asilimia 65 ukilinganisha na waliochoma maji matupu. Mwaka uliofuata Marekani ikaruhusu dawa.

Homoni ni moja. Kinachotofautiana ni saa. Kwa jirani wa shangazi, homoni haiondoki. Kwa Bibi, inapanda ndani ya nusu saa, inapungua nusu kila baada ya saa moja hivi, na ikifika saa tatu au nne baada ya sindano karibu yote imekwisha. Mwili unakaa kimya mpaka kesho.

Mtu anaweza kuishia hapo: ikija na kuondoka inajenga, ikikaa inabomoa. Mimi nilitaka kujua ni nani anayehesabu hizo saa, maana mfupa hauna saa ya ukutani.

Anayehesabu ni kipokezi. (Bibi: "Kipokezi ndiye nani, yule anayekungoja stendi na mabegi?" Karibu hivyo, Bibi.) Kipokezi ni protini iliyokaa kwenye ngozi ya seli, kichwa nje, miguu ndani. Homoni ikija inakaa kichwani pake. Haiingii. Kipokezi kinajipinda, na upande wa ndani kinapiga kelele: mgeni kafika! Seli inaanza kazi. Kwenye mfupa, vipokezi vya PTH viko kwenye seli zinazojenga, osteoblasti, na kwenye osteositi, zile zilizozikwa ndani ya mfupa wenyewe. Osteositi ni nyingi ajabu. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2015 ilikadiria bilioni 42 katika mifupa ya mtu mmoja.

Sasa sikiliza. Kipokezi kikishapiga kelele, protini nyingine iitwayo arestini inakuja na kukiziba mdomo, na mara nyingi kinavutwa ndani ya seli. Kinalala. Baada ya muda kinarudishwa juu, kiko macho tena. Hapo tayari una hesabu, na ni hesabu ya mstari mmoja.

Tuite M sehemu ya vipokezi vilivyo macho, kuanzia 0 mpaka 1. Basi mabadiliko ya M kwa saa ni a × (1 − M) kutoa b × M. Herufi a ni kasi ya kuamka, na inawahusu waliolala tu, ndiyo maana imezidishwa na 1 − M. Herufi b ni kasi ya kulala, na inafanya kazi wakati homoni ipo. Homoni ikiondoka, b ni sifuri. Basi. Modeli ya hisabati ni hiyo: sentensi kuhusu nani anaongezeka, nani anapungua, na kwa kasi gani, iliyoandikwa kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuifuata dakika kwa dakika.

Nikachagua namba za kuchezea, za kwangu, si za maabara. Homoni ikiwepo, nusu ya walio macho wanalala kila saa. Waliolala, nusu yao wanaamka kila baada ya saa 4. Nikamwekea Bibi vipokezi 100 mezani kwa kutumia kunde.

Homoni isipoondoka kamwe, kunde zinatulia kwenye 20. Vipokezi 20 tu viko macho, siku zote. Ukitaka kuhakikisha, tafuta pale kuamka kunapolingana na kulala: M ni a gawanya kwa a jumlisha b, na kwa kuwa b ni mara nne ya a, unapata moja ya tano.

Homoni ikikaa saa 2 kisha ikaondoka saa 22, mambo ni mengine. Unaanza siku na vipokezi karibu vyote. Saa mbili baadaye vimebaki kama 34. Halafu kimya, na kesho yake asubuhi 98 viko macho vinasubiri. Kila siku mlio mkubwa mmoja.

Bibi akauliza swali ambalo mwalimu wangu angelipenda: "Basi si nijichome mara nne kwa siku, nipone haraka?" Tukaihesabu. Homoni saa 2, kimya saa 4, tena na tena: kila sindano inakuta vipokezi kama 64 tu. Sindano ya kwanza inapiga mlango nyumba nzima iko macho, zinazofuata zinakuta theluthi wamelala. Ukizidi kuzisogeza karibu, unaisogelea ile 20 ya jirani wa shangazi. (Na msije mkabadilisha dozi za wazee wenu kwa kunde zangu, jamani. Namba halisi zinatoka kliniki.)

Wazo hili la kipokezi kinacholala na kuamka halikuanzia kwenye mifupa, na mimi hapa ndipo ninapofurahi zaidi. Lilikuzwa miaka ya 1980 na watu kama Albert Goldbeter wa Brussels, aliyekuwa akichunguza Dictyostelium, viumbe wadogo wa udongoni. Wakiishiwa chakula, seli zao zinaitana kwa kutoa kemikali kwa mapigo, kila baada ya dakika chache, mpaka zinakusanyika maelfu kwa maelfu. Kemikali hiyo hiyo ukiimwaga mfululizo, zinaacha kuitikia. Mwaka 1989 Li na Goldbeter walionyesha kwa milinganyo kwamba kipokezi cha namna hiyo kina mwendo wake kinachoupenda: mapigo ya karibu mno yanakikuta kimelala, ya mbali mno yanapoteza muda. Mwaka 2005 Potter na wenzake wakachapisha modeli ya kipokezi cha PTH chenyewe, wakilinganisha dozi za mapigo na dozi zisizokatika. Viumbe wa udongoni na uti wa mgongo wa Bibi, hesabu za ukoo mmoja.

Lakini ngoja. Kuna kitu hakijakaa sawa, na ni vizuri kukisema. Nilijumlisha kelele zote za siku nzima kwenye modeli yangu. Homoni isiyoondoka inatoa mara nne zaidi ya sindano moja! Sauti yake ni ndogo lakini haikomi saa 24. Kama mfupa ungekuwa unahesabu jumla tu, jirani wa shangazi ndiye angekuwa na mifupa minene. Maana yake kipokezi kinaeleza kwa nini ishara mbili ni tofauti, ila hakielezi kwa nini moja inajenga na nyingine inabomoa. Maneno matupu yangekuficha jambo hili. Ukiandika namba, linakutazama usoni.

Jibu liko kwenye mazungumzo ya seli na seli. Mfupa unabomolewa na kujengwa maisha yote. Kwa mtu mzima kama sehemu ya kumi inabadilishwa kila mwaka. Wabomoaji, osteoklasti, wanachimba kwa wiki kama 3. Wajenzi wanajaza kwa miezi 3 au 4. Na ajabu ni kwamba wabomoaji wanaitwa na familia ya wajenzi wenyewe. Seli hizo zinatoa protini iitwayo RANKL. Ifikirie kama ufunguo. Kufuli yake ni kipokezi cha RANK, kilichoko kwenye seli changa ambazo zitakuja kuwa wabomoaji. Ufunguo ukiingia, wabomoaji wanakomaa na kazi inaanza. Ili wasipitilize, wajenzi hao hao wanatoa pia OPG, iliyogunduliwa mwaka 1997, ambayo ni kufuli isiyo na mlango. Ufunguo unaingia, unanasa, hakuna kinachofunguka. Panya waliozalishwa bila OPG walipata mifupa hafifu sana. Waliozalishwa bila RANKL, mifupa ilijaa na kuziba kiasi kwamba hata meno hayakutoka.

PTH isiyokatika inafanya seli hizo zitoe RANKL zaidi na OPG kidogo, saa baada ya saa. Funguo zinazidi, kufuli za uongo zinapungua, wabomoaji wanajaa. Pigo fupi linapandisha RANKL pia, lakini kwa muda mfupi, linashuka kabla wabomoaji hawajapata nafasi ya kuongezeka sana. Wakati huo huo wajenzi wamenufaika: wanaishi muda mrefu zaidi kabla ya kufa, wale waliokuwa wamelala juu ya mfupa wanarudi kazini, na osteositi zinapunguza sklerostini, protini inayowazuia wajenzi. Faida ya wajenzi inadumu kuliko mwito wa wabomoaji. Pengo hilo la muda ndilo linalomjengea Bibi mfupa.

Kulieleza hili kwa milinganyo kumewashughulisha watu wengi. Mwaka 2003 Svetlana Komarova na wenzake, wakiwa London (ile ya Kanada, si hii yetu), walichapisha modeli ya milinganyo miwili tu, mmoja wa wabomoaji, mmoja wa wajenzi. Vipokezi vyote na kemikali zote walizifupisha kwenye vipeo vinne: kila kundi linajichochea kiasi gani, na linalichochea kundi la pili kiasi gani. Matokeo yao yakaonyesha kwamba namna wabomoaji wanavyojichochea wenyewe ndiyo inayoamua kama mfupa utapitia mzunguko mmoja na kutulia, au utaendelea kupanda na kushuka bila kukoma. Mwaka 2005 Komarova akaitumia modeli ya aina hiyo kwa PTH, na modeli ikatabiri uwezo wake wa kujenga. Milinganyo miwili!

Lemaire na wenzake, mwaka 2004, walichukua njia nyingine. Wakaweka makundi matatu ya seli, na ndani yake wakaandika RANKL, RANK, OPG na PTH kila mmoja kwa jina lake, ufunguo na kufuli. Hapa kuna ujanja ambao unafaa kuujua. Ufunguo unaingia na kutoka kwenye kufuli kwa sekunde na dakika, lakini seli zinaongezeka na kupungua kwa siku na wiki. Ni kama daladala: abiria wanapanda na kushuka kila kituo, lakini magari mapya yanaongezwa barabarani baada ya miezi. Ukitaka kujua idadi ya magari mwakani huna haja ya kumfuata kila abiria, unachukua wastani wa viti vilivyokaliwa. Hivyo hivyo, waliweka sehemu ya vipokezi vilivyokaliwa kama kitu kilichokwisha tulia, wakaacha seli ndizo zitembee. Binafsi naipenda ya Lemaire kuliko ya Komarova. Ya Komarova ni nzuri kutazama, lakini kipeo huwezi kukipeleka maabara ukakipima. Idadi ya vipokezi unaweza.

Bibi hakupata haya yote. Alipata kunde, ufunguo na kufuli. Akafikiria, akaniuliza kama kimya ndiyo dawa, nikamwambia nusu ya dawa ni kimya. Alikuwa ameruka siku sita. Muuguzi akasema aendelee tu kama kawaida, asichome mbili kwa mpigo ili kufidia.

Kuna mambo mawili yanayotuhusu sisi wa huku hasa.

La kwanza ni jua. Hapa Uingereza, kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi, jua halina nguvu ya kutosha kuifanya ngozi itengeneze vitamini D, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi. Vitamini D ikipungua, utumbo haunyonyi kalsiamu vizuri, na tezi zinapandisha PTH. Zinapandisha vipi? Mchana na usiku, bila pigo, bila kimya. Hiyo ni ile 20 isiyokoma, tena kwa mtu ambaye hana ugonjwa wowote wa tezi. Ushauri wa afya wa serikali huku ni mikrogramu 10 za vitamini D kwa siku majira ya baridi, na wenye asili ya Afrika wanashauriwa wafikirie kutumia mwaka mzima. Nyumbani kwetu kopo liko karibu na majani ya chai, asiyeliona ni kwa kupenda.

La pili ni tiketi. Wazee wengi hawapewi sindano ya Bibi. Wanapewa denosumabu, sindano moja kila miezi 6, iliyoruhusiwa mwaka 2010. Yenyewe inaukamata ufunguo, RANKL, kama inavyofanya OPG. Wabomoaji wanakosa mwito, mifupa inajaa. Ila dawa ikiisha nguvu na sindano nyingine haijaja, funguo zote zinaachiliwa, na wabomoaji wanarudi kwa wingi kuliko walivyokuwa mwanzo. Wagonjwa wengine wamevunjika pingili kadhaa ndani ya miezi michache. Modeli za mwanzo zilichukulia kwamba mbomoaji akimaliza kazi anakufa. Mwaka 2021 watafiti wa Sydney wakaonyesha kwenye panya kwamba wengi hawafi. Wanagawanyika vipande vidogo, vikaitwa osteomofu, ambavyo vinasubiri na baadaye vinaweza kuungana tena kuwa wabomoaji. RANKL ikizuiwa, vinazidi kulundikana. Kwa mwandishi wa modeli hilo ni kisanduku kimoja zaidi na mshale unaorudi nyuma. Kwa mgonjwa ni jeshi lililoko kambini.

Kwa hiyo ikiwa mama yako alichoma tarehe 10 Januari, ya pili ni 10 Julai. Akiondoka kwenda Dar mwezi wa sita akarudi tarehe 25 Septemba, amechelewa wiki 11, na madaktari hawapendi zizidi 4. Dawa yenyewe inakaa kwenye friji, si kwenye begi la nguo. Piga simu kliniki kabla ya kulipia tiketi, uliza wanaweza kumchoma lini na wapi, na uwape tarehe zote mbili, ya kwenda na ya kurudi.